Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyepima umeme unaovuja majini

Kila msimu wa mvua unapoingia, wasikilizaji wetu wa Ziwani, Msimbati na Msangamkuu hutuletea swali lilelile. Redio haikuanguka majini, haikunyeshewa, ilikuwa juu ya kabati muda wote, imekufaje? Fundi akiifungua anakuta ukoko wa kijani umeota kwenye bodi, njia moja ya shaba imekatika kama iliyotafunwa na panya, na betri haina kitu. Mwenye redio anaambiwa ni maji. Anakataa, kwa sababu maji hakuyaona.

Fundi yuko sahihi, na mwenye redio naye hasemi uongo. Hewa ya pwani yetu hubeba chembe za chumvi kutoka baharini, nazo hutua kwenye kila kitu, hata ndani ya redio kwa kupitia matundu ya spika. Chumvi ya mezani huvuta unyevu na kuyeyuka yenyewe pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari, kwa kuwa imechanganyika na magnesi, huanza mapema zaidi. Usiku wa mvua hapa kwetu hewa huvuka kiwango hicho. Basi juu ya bodi hutanda utando wa maji ya chumvi, mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni, na betri ikiwa imo ndani, umeme unapata njia ya kupita ambayo aliyetengeneza redio hakuikusudia.

Aliyetupa hesabu ya kinachotokea kwenye utando huo ni Michael Faraday. Shuleni wengi tulimsoma kwa ajili ya jenereta na mota, na tukaishia hapo. Safari hii tunamsimulia kwa upande wake wa maji, chumvi na shaba, maana upande huo ndio unaotuhusu sisi tunaokaa karibu na mdomo wa Ruvuma.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, ng'ambo ya kusini ya mto Thames, mahali ambapo leo pamemezwa na jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehama kutoka kaskazini mwa Uingereza kutafuta riziki, na afya yake haikuwa nzuri. Siku mhunzi alipolala kitandani, nyumbani hapakuwa na kitu. Mwaka 1801, bei ya nafaka ilipopanda sana, Michael alipewa mkate mmoja ambao ulipaswa kumtosha wiki nzima. Alikuwa na miaka tisa. Shule aliyosoma ilikuwa ya kujua kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu, na hesabu ilimsumbua mpaka uzeeni.

Mwaka 1804 alianza kutumwatumwa na muuza vitabu aitwaye George Riebau, Mfaransa aliyekimbilia London. Kazi yake ilikuwa kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba na kuyarudisha, kwani wakati huo watu walikodi gazeti kama sisi tulivyokuwa tukikodi kanda za video. Mwaka uliofuata Riebau alimchukua kuwa mwanafunzi wa kazi ya kujalidi vitabu, kwa miaka saba. Wenzake walijalidi vitabu. Yeye alivijalidi na kuvisoma. Habari ya umeme aliikuta ndani ya ensaiklopidia iliyoletwa dukani kushonwa, na kemia aliipata katika kitabu cha Jane Marcet, mwanamke aliyeandika kwa lugha nyepesi kwa ajili ya watu wasio na elimu kubwa. Mpaka amekuwa mtu mashuhuri Faraday hakuacha kumshukuru mama huyo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa kila fundi simu wa Mtwara alijue. Mwaka 1812, akiwa bado mjalidi, Faraday alitengeneza betri yake ya kwanza. Alichukua sarafu saba za shaba za nusu peni, vipande saba vya bati la zinki alivyovikata mviringo, na karatasi sita alizozilowesha maji ya chumvi, akavipanga kimoja juu ya kingine kama chapati. Kwa kifaa hicho alipitisha umeme kwenye maji yenye chumvi ya haluli, na chumvi ile ikavunjika.

Hebu itazame betri hiyo vizuri: metali mbili za aina tofauti, na katikati yake kitu chenye unyevu wa chumvi. Kijana yule aliijenga kwa makusudi. Simu iliyokaa miezi sita mfukoni mwa mvuvi hujijengea yenyewe, pale lehemu inapokutana na shaba na jasho au maji ya bahari yakakaa juu yake. Haihitaji hata kuwashwa. Kutu ya namna hiyo huendelea ndani ya redio iliyotolewa betri, ila polepole. Betri ikiwepo, mambo huenda mbio.

Mwaka huohuo mteja mmoja wa dukani alimpa Faraday tiketi za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mkemia aliyekuwa akisifiwa kuliko wote Uingereza, akifundisha katika Taasisi ya Kifalme ya London. Faraday aliandika kila alichosikia, akachora vifaa vyote, akavijalidi kitabu cha kurasa 300 hivi na kumpelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Alisubiri. Tarehe 1 Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara, akapewa na vyumba viwili vya kulala juu ya jengo lile. Taasisi hiyo ndiyo ikawa nyumba yake kwa zaidi ya miaka 40.

Davy alimchukua katika ziara ya Ulaya ya mwaka mmoja na nusu. Kwa kuwa mtumishi wa Davy alikataa kusafiri, Faraday aligeuzwa mtumishi pia, na mke wa Davy alimtendea hivyo waziwazi, mpaka kula alikula na watumishi. Alivumilia, lakini aliwaza kurudi nyumbani. Huko Milano alionana na Alessandro Volta, mzee aliyevumbua betri, na sisi tunadhani siku hiyo peke yake ilitosha kulipia matusi yote.

Waliporudi, kazi moja ya Davy ililetwa na bahari. Meli za jeshi la Uingereza zilifunikwa kwa mabati ya shaba chini ya mkwamo wa maji ili fuko la bahari lisitoboe mbao, lakini maji ya chumvi yaliila shaba. Mwaka 1824 Davy alipendekeza vibandikwe vipande vya chuma au zinki vigusane na shaba. Metali hiyo dhaifu ingeliwa kwanza na shaba ingebaki salama. Ilifanya kazi, kisha ikaleta balaa jingine: shaba isiyoyeyuka haikuwa na sumu tena, kwa hiyo chaza na majani ya bahari yakajishikiza kwa wingi na meli zikawa nzito. Davy alifedheheka. Faraday alikuwa humohumo maabara akifanya vipimo na kuona yote. Hata hivyo wazo lenyewe halikufa. Meli za chuma zinazofunga gati bandarini Mtwara leo zina vipande vya zinki au alumini vilivyofungwa chini, vinavyoliwa kwa niaba ya bodi ya meli na kubadilishwa vikiisha.

Ugunduzi wake wa mota mwaka 1821 na wa kuzalisha umeme kwa sumaku mwaka 1831 tunaupita haraka, kwa kuwa umesimuliwa sana. Tutaje tu kwamba mwaka huo wa 1821 alimwoa Sarah Barnard, muumini mwenzake wa dhehebu dogo la Wasandemani, na wakaishi pamoja mpaka mwisho bila kujaliwa mtoto. Na sisi wa redio hatuwezi kuruka hili: Faraday alikwenda kujifunza kuzungumza. Alilipia mafunzo kwa mwalimu wa kunena, akajizoeza kutokimbiza maneno, kisha akaanzisha mihadhara ya jioni ya Ijumaa na ile ya watoto wakati wa Krismasi, ambayo inaendelea mpaka leo. Mtangazaji aliyezaliwa kabla ya redio.

Turudi majini. Kati ya mwaka 1832 na 1834 Faraday alikaa na swali moja: umeme ukipita ndani ya maji yenye chumvi, unabadilisha kiasi gani cha kitu? Alijaribu vyombo vikubwa na vidogo, waya nene na nyembamba, maji makali na hafifu. Jibu halikubadilika. Kiasi cha metali kinachoyeyuka upande mmoja na kuganda upande mwingine hutegemea kiasi cha umeme uliopita, basi. Umeme ukiwa mara mbili, metali nayo mara mbili. Na kila metali ina kipimo chake. Ampea moja ikipita kwa saa moja hula gramu 1.19 hivi za shaba. Kwa fedha ni gramu 4 na kidogo.

Kwa kuwa hapakuwa na maneno ya kueleza haya, alimwandikia msomi wa Cambridge, William Whewell, wakatengeneza maneno kutoka Kigiriki: anodi, kathodi, ioni. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeyakariri pale Mtwara anatumia maneno yaliyoundwa mwaka 1834.

Tuifanyie hesabu hiyo redio ya juu ya kabati. Njia ya shaba kwenye bodi ya kawaida ina unene wa maikromita 35, yaani mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Ikiwa na upana wa milimita 0.2, sentimita moja ya njia hiyo ina uzito wa miligramu 0.63 tu. Tuseme utando wa chumvi unavujisha maikroampea moja, sehemu moja kwa milioni ya ampea. Kwa kanuni ya Faraday, mkondo huo ukielekea wote kwenye kula shaba, unamaliza sentimita nzima ya njia ile kwa siku 22 hivi. Ukiwa maikroampea kumi, siku mbili na ushei. Na njia haihitaji kuliwa sentimita nzima. Pengo la nukta linatosha redio kunyamaza.

Shaba iliyoyeyuka haipotei. Inasafiri ndani ya unyevu kutoka upande wa chanya na kuota upande wa hasi, ikitoa matawi kama mizizi ya mkoko, yakirudi kuelekea chanya. Bati la lehemu na fedha hufanya vivyo hivyo. Matawi yakigusa ng'ambo, njia mbili zimeungana na shoti imetokea. Fundi mwenye kioo cha kukuza anaweza kuliona hili mwenyewe: tone la maji safi kati ya njia mbili za bodi iliyokufa, volti chache za betri, na ndani ya dakika kadhaa matawi yanaanza kuchomoza.

Ndiyo maana tunasema, na tutarudia hewani mpaka mchoke: simu ikitumbukia, usiiwashe ili uone kama ingali hai. Kuiwasha ndiko kunakoiua. Toa betri kwanza. Kama betri haitoki, izime na uikimbize kwa fundi bila kuichaji. Ikiwa ilikuwa maji ya bahari, na betri imeshatoka, isuuze kwa maji matamu safi kabla chumvi haijakauka, kisha ifunguliwe na kusuguliwa kwa mswaki na spiriti. Kuizika kwenye mchele hakutoi chumvi. Maji yataondoka, chumvi itabaki palepale ikingoja mvua nyingine.

Mwaka 1836 Faraday aliteuliwa mshauri wa kisayansi wa Trinity House, shirika linalosimamia minara ya taa za bahari ya Uingereza, kazi aliyoifanya kwa karibu miaka 30. Alipanda minara akiwa mzee, wakati mwingine katika theluji. Tatizo lililomkuta huko lilikuwa la unyevu tena. Kilo moja ya mafuta ya taa zile ikiungua hutoa zaidi kidogo ya kilo moja ya maji kwa njia ya mvuke, na mvuke huo uliganda kwenye vioo baridi vya mnara mpaka nahodha asione mwanga. Faraday alibuni bomba la kutoa moshi na mvuke nje moja kwa moja. Vioo vikakauka. Haki ya uvumbuzi huo hakuichukua, alimwachia kaka yake Robert, aliyekuwa fundi wa taa za gesi. (Anayeweka redio kwenye rafu juu ya jiko la kuni naye atafakari mvuke unakwenda wapi.)

Kumbukumbu ilianza kumponyoka mapema. Kuanzia mwaka 1839 aliugua kichwa na kizunguzungu, akalazimika kupumzika kwa vipindi virefu, na kila jambo aliliandika kwenye daftari lenye aya zilizopewa namba kwa kuhofia kulisahau. Alikataa kupewa cheo cha heshima cha kuitwa bwana mkubwa, na urais wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi aliukataa mara mbili.

Lakini mwaka 1853 alikuwa bado na nguvu ya kwenda kwenye mfereji wa London kutazama jaribio ambalo, kwa maoni yetu, ndilo babu wa vipimo vyote vya unyevu kwenye vifaa vya umeme. Kampuni za simu za maandishi zilikuwa zimeanza kufunika waya wa shaba kwa gutapacha, utomvu wa miti ya Malaya ambao maji ya bahari hayauozeshi. Faraday mwenyewe alikwisha kuandika mwaka 1848 kwamba utomvu huo ni kihami kizuri hata penye unyevu. Swali lilikuwa: utajuaje kama waya wa maili nyingi hauna hata tundu moja la sindano?

Waliufunga waya kwa mizingo ya nusu maili, wakaining'iniza ubavuni mwa mashua mpaka ikazama mferejini, ncha zake zikiwa nje ya maji. Mizingo hadi 200 iliweza kuzamishwa kwa pamoja, yaani maili 100. Kisha betri yenye nguvu iliunganishwa upande mmoja kwenye waya na upande mwingine ardhini, na katikati ikawekwa galvanomita, kifaa chenye sindano inayocheza umeme ukipita. Sindano ikitulia, kihami ni kizima. Sindano ikisogea, kuna mahali maji yamepenya, na mzingo huo unatafutwa na kutolewa. Hawakungoja waya ufe ndipo wajue. Walipima mkondo mdogo unaoponyoka wakati kila kitu kingali kinaonekana kizuri.

Watengenezaji wa leo hufanya jambo hilohilo bila mfereji. Bodi huwekwa kwenye kabati lenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, umeme ukiwa umewashwa, kwa saa 1,000, karibu wiki sita, huku mkondo unaovuja kati ya njia zake ukipimwa. Kuna jambo la kuangalia hapo. Mvuke wa kabati lile ni wa maji safi. Jaribio la ukungu wa chumvi ni jingine, na si kila kifaa hulipitia. Hata alama ya kuzuia maji inayoandikwa kwenye maboksi ya simu, kama IP67, hutolewa kwa maji matamu: kina cha mita moja, nusu saa. Bahari ya Msimbati haimo kwenye mtihani huo.

Faraday aliishi kuona gharama ya kutopima. Mwezi Agosti 1858 waya wa kwanza wa kuvuka Atlantiki uliwekwa kati ya Ireland na Amerika, ukasherehekewa kwa mizinga, na ukafa baada ya wiki chache. Kihami chake kilikuwa na kasoro, na mhandisi mmoja aliposhindwa kusikia ujumbe aliongeza nguvu ya umeme badala ya kutafuta tundu. Mafundi watatuelewa: ni sawa na kuichomeka chaja simu iliyolowa ukitumaini itazinduka. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti mwaka 1861, na baada ya hapo kuzijaribu nyaya ndani ya matangi ya maji kabla ya kuzipakia melini kukawa jambo la lazima.

Malkia Victoria alimpa Faraday nyumba ya kukaa bure Hampton Court mwaka 1858, na huko alizeekea. David Livingstone aliposhuka Mikindani mwezi Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho kuelekea Ruvuma, Faraday alikuwa mtu wa kukaa kitini, amesahau mengi. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Kwa kutaka kwake mwenyewe hakuzikwa Westminster pamoja na wafalme. Alizikwa Highgate, katika sehemu ya makaburi isiyo ya Kanisa la Uingereza, kwa maziko madogo.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1879, meli zilitandaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka Zanzibar kushuka Msumbiji hadi Durban. Kabla yake habari za Zanzibar zilikwenda Ulaya kwa meli. Waya huo wa shaba, uliovikwa gutapacha na kupimwa majini, ulipita chini ya bahari yetu, mbele ya Ghuba ya Mnazi na mdomo wa Ruvuma.